Safari ya Sarajevo: Tuhesabu Vichwa Kwanza

Miongoni mwa nchi za Ulaya zisizokomba mfuko, Bosnia na Herzegovina ina mvuto wa pekee kwa familia zetu. Msikiti wa Gazi Husrev-beg mjini Sarajevo ulijengwa mwaka 1531. Adhana yake husikika hadi soko kongwe la Baščaršija, na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi.

Unafuu huo, hata hivyo, ni wa baada ya kufika. Nauli ya ndege na ada ya viza hulipwa kwa kila kichwa, ilhali nyumba ya kupanga hulipwa mara moja, wawe wawili au watano. Mama wa watoto wanne akianza hesabu kwa bei ya chumba, atafurahi mapema mno. Tuanze na vichwa. Jumla hiyo ikigusa karo ya muhula, au ikidai mkopo wa riba, safari na iahirishwe.

Sarafu ya huko, marka, imefungamanishwa na euro: euro 1 ni takriban marka 2, hivyo bei ni rahisi kukadiria. Wanaotamani kuvuka hadi Dubrovnik wakumbuke kuwa Kroatia imo katika eneo la Schengen tangu 2023. Viza ni nyingine, na gharama pia.

Tena kuna baridi. Sarajevo iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1984, na watoto wa pwani hawana makoti. Mwezi Mei hupunguza mzigo huo.