Boga: Piga simu kwanza, ndipo useme hodi

BOGA, Ituri – Kumtembelea ndugu bila kumwarifu lilikuwa jambo la kawaida hapa Boga, makao makuu ya usultani wa Bahema-Boga, kusini mwa wilaya ya Irumu. Mtu alichukua fimbo yake, akashika njia, akafika na kusema hodi. Leo safari hiyohiyo huanza kwa simu. Anayetaka kwenda Tchabi, Geti au Bunia huuliza kwanza: njia iko namna gani? Pikipiki ya mwisho imepita saa ngapi? Kuna wanajeshi barabarani? Jibu lisipoeleweka, safari inaahirishwa.

Sehemu nyingine za dunia nazo zimeacha matembezi ya ghafla, ila kwa njia tofauti. Nchini Kenya, treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa iliyoanza mwaka 2017 imewazoesha watu kununua tiketi kwa simu mapema, hasa wakati wa sikukuu. Nchini Uganda, hakuna anayefika tu Bwindi na kuingia msituni kuwaona gorila: mgeni wa nje hununua kibali mapema, na kila kundi la gorila hutembelewa na watu 8 tu kwa siku. Ulaya, ugonjwa wa COVID-19 ulipoingia mwaka 2020, majumba ya makumbusho na mikahawa yalianza kuwapangia watu saa ya kuingia, na mengi hayakurudi nyuma. Watu wa huko wanalalamika kwamba siku hizi hata matembezi ya Jumapili yanahitaji miadi.

Kule mtu anaweka nafasi ili apate kiti. Boga mtu anapiga simu ili ajue kama atarudi nyumbani. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kilichobadilika katika maisha ya watu wa hapa kwa miaka ya karibuni.

Mji wa watu waliokuja kwa miguu

Boga iko karibu kilomita 100 kusini mwa Bunia, upande wa mto Semliki na mpaka wa Uganda. Kabla wakoloni hawajachora mpaka, Bahema wa hapa walikuwa na ujamaa na watu wa Toro na Bunyoro, na watu walipita huku na huku kwa miguu, kando ya milima ya Ruwenzori.

Kwa miguu ndivyo alivyokuja Apolo Kivebulaya mwaka 1896. Alikuwa Muganda, mwalimu wa kanisa la Anglikana, akitokea Toro. Hakupokelewa vizuri siku zote. Alipigwa kwa amri ya sultani Tabaro, ambaye baadaye yeye mwenyewe alibatizwa. Kutoka Boga, Apolo alitembea mpaka kwa Wambuti wa msituni, kijiji kwa kijiji. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933 na kuzikwa hapohapo. Mwaka 1972 Boga ilipewa dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kanisa lililoenea mpaka Kisangani na Lubumbashi lilianzia katika mji huu mdogo, kwa mtu aliyekwenda nyumba kwa nyumba.

Desturi za nyumbani nazo zilisaidia matembezi ya namna hiyo. Kwa wafugaji wa Kihema, mgeni hupewa maziwa kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kwa majirani wakulima ni ndizi, mihogo au kasiksi. Mgeni wa ghafla hakuwa mzigo kwa mtu, kwa sababu alikula kilichokuwepo. Aliyetuma habari mapema ndiye aliyewasumbua wenyeji, maana mama wa nyumba alilazimika kutafuta kuku, kuazima sahani na kuacha shamba siku hiyo. Kufika bila kutangaza ilikuwa namna ya kusema: mimi ni wa nyumbani, msijisumbue kwa ajili yangu.

Njia ilivyofungwa kidogo kidogo

Mazoea hayo hayakufa kwa siku moja. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwafundisha watu kuogopa njia waliyoizoea. Bogoro, ambako msafiri wa Boga hupita akielekea Bunia, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga kwa sababu ya shambulizi hilo. Baada ya vita hivyo, kundi la FRPI liliendelea kushika silaha kwa miaka mingi katika usultani jirani wa Walendu-Bindi, ambamo njia ya Geti na Aveba inapita. Lilitia sahihi mkataba na serikali tarehe 28 Februari 2020.

Katikati yake ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018 na kufika Ituri. Ulimalizika mwezi Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Barabarani viliwekwa vituo vya kunawa mikono na kupima joto. Mazishi yalikabidhiwa kwa watu waliovaa mavazi maalumu, na wengi waliacha kushikana mikono. Kabla vituo hivyo havijaondolewa, COVID-19 ilikuwa imeshaingia nchini.

Hata hivyo, watu walirudia matembezi kila utulivu ulipopatikana. Kilichovunja zaidi ni usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021. Washambuliaji, wanaotajwa kuwa waasi wa ADF, waliingia katika maeneo ya Boga na Tchabi na kuwaua hata watu waliokuwa wamekimbilia katika kambi za wakimbizi wa ndani. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilihesabu watu 57 waliouawa. Siku chache baadaye, mwezi Juni, hospitali kuu ya Boga iliporwa na sehemu yake kuchomwa moto.

Kwa waumini wa Kianglikana, 30 Mei ni siku ya kumkumbuka Apolo. Tangu mwaka 2021 siku hiyo imebeba makumbusho mawili.

Mashambulizi hayo yalitokea wiki chache tu baada ya utawala wa kijeshi kuanza Ituri na Kivu Kaskazini, tarehe 6 Mei 2021. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, jeshi la Uganda UPDF liliingia kusaidia FARDC katika operesheni iliyopewa jina Shujaa. Wengi waliokimbia Boga walirudi, wengine wamebaki Bunia au ng'ambo ya Semliki. Waliorudi walirudi na mazoea mapya.

Safari inapangwa namna gani

Safari ya siku hizi inapitia watu wengi kabla ya mguu kutoka nje. Anayesafiri anampigia ndugu aliye katika kijiji cha mbele, naye anamuuliza motari aliyetoka huko asubuhi. Motari akisema amepita salama, wengine wanajikusanya ili pikipiki tatu au nne ziondoke pamoja. Akisema ameona njia tupu kupita kawaida, bila mwanamke mwenye kuni wala mtoto wa shule, hiyo peke yake ni sababu ya kubaki. Kwa watu wa huku, njia tupu si habari nzuri.

Shambani ni vivyo hivyo. Mahali ambapo mama alikuwa akishika jembe na kwenda peke yake alfajiri, sasa majirani wanapatana tangu jana yake nani ataenda, upande gani, na watarudi saa ngapi. Kakao na kahawa haziwezi kungoja sana zikishaiva, kwa hiyo siku za mavuno ndizo zenye mabishano mengi: wengine wanataka kuondoka mapema, wengine wanataka kungoja habari. Anayekwenda peke yake bila kusema analaumiwa, kwa sababu akichelewa ni wenzake watakaoingia porini kumtafuta.

Mipango hii ina gharama. Simu inahitaji unite, na unite inahitaji faranga. Betri inahitaji umeme, na mahali pengi umeme ni wa paneli ya jua ya mtu anayelipisha kuchaji. Mtandao wenyewe unakuja na kuondoka. Kijana mwenye simu mbili na namba nyingi anaweza kujua hali ya njia kwa dakika 10. Muzee asiye na simu anabaki kutegemea maneno ya wapita njia. Kwa namna hiyo habari za usalama zimekuwa kama ushuru mdogo wa kila siku, na asiyeweza kuulipa haendi popote.

Mambo makubwa ya familia nayo yamebadilika. Msiba haungoji miadi. Zamani habari ya kifo ilipofika, watu waliondoka usiku huohuo kwenda kukaa kwenye kilio. Sasa walio mbali wanatuma mchango kwa simu, kupitia Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, na kuahidi kwamba watakuja njia ikifunguka. Pesa inafika kwa dakika moja na inasaidia kweli kununua sanduku na chakula, ila haiketi usiku kucha pamoja na mjane.

Saa inayojulikana na kila mtu

Kupanga mapema kuna hatari yake pia. Kadiri safari inavyotangazwa, ndivyo watu wengi wanavyojua nani anapita na saa ngapi. Hilo lilionekana wazi kwenye barabara ya Komanda na Luna, ambako magari yalianza kutembea kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi. Tarehe 1 Septemba 2021 msafara kama huo ulishambuliwa. Magari yalichomwa, watu waliuawa na wengine kutekwa, ingawa kulikuwa na ulinzi. Msafara una siku yake na mahali pake pa kuondokea, na habari hizo zinafika pia kwa mtu mwenye nia mbaya.

Ndiyo maana msafiri mwangalifu wa Boga anafanya mambo mawili yanayopingana. Anatafuta habari kwa watu wengi, lakini yeye mwenyewe hasemi ataondoka lini. Anauliza njia ya Jumanne, kisha anaondoka Jumatano. Mwenye kuuza ng'ombe au kakao anafunga mdomo zaidi, kwa sababu anayejua siku ya safari anajua pia siku ya pesa. Kwa hiyo miadi ya hapa haina uhakika wa ile ya tiketi ya treni. Mwenyeji anaambiwa ajiandae, ila haambiwi siku.

Majirani wasio na namba

Hasara kubwa zaidi haionekani kwa haraka. Simu inapigwa kwa mtu ambaye namba yake unayo, na namba hizo kwa kawaida ni za ndugu, za watu wa kanisa moja au za wafanyabiashara wanaofahamiana. Matembezi ya ghafla hayakuchagua hivyo. Mhema aliyenyeshewa na mvua njiani aliingia kwa Mungiti. Munyali aliyechelewa sokoni alilala kwa Mulese. Mtoto aliyetumwa chumvi alirudi na habari za nyumba tatu. Mengi ya hayo hayakupangwa na mtu yeyote, ila ndiyo yaliyowafanya watu wa jamii mbalimbali wajuane kwa majina.

Siku hizi watu wa jamii mbili wakikutana, mara nyingi ni kwenye barza iliyoitishwa na wakubwa, yenye ajenda na orodha ya wasemaji. Mikutano hiyo ina kazi yake, na katika Ituri imewahi kutuliza hasira zilizokuwa zikikaribia kumwaga damu. Lakini mtu anayekutana na jirani yake mbele ya meza ya viongozi tu anamjua kama mjumbe wa kabila lake. Hamjui kama baba wa watoto wanne anayependa kucheka. Uvumi ukipita usiku kwamba upande wa pili unajiandaa kushambulia, ni vigumu kuukanusha kwa mtu ambaye hujawahi kula kwake.

Soko ndilo limebaki mahali ambapo watu bado wanakutana bila kualikana. Kwa hiyo wakazi wanapoomba doria kwenye njia za sokoni na za mashambani, hawaombi biashara peke yake. Njia ikiwa salama kwa siku moja tu ya juma, tena siku inayojulikana, watu watapita wote pamoja kwa woga na kurudi mapema. Ikiwa salama kila siku, hakuna anayelazimika kujua ratiba ya mwingine.

Viongozi wa kijeshi huhesabu amani kwa vijiji vilivyokombolewa na silaha zilizokamatwa. Mashirika huhesabu watu waliorudi makwao. Wakazi wa Boga wana hesabu yao ndogo zaidi: mgeni aliyefika jioni bila kupiga simu, na mwenyeji aliyesikia hodi mlangoni akajibu karibu bila kuogopa.