Kiambatisho Hakijifungui Chenyewe

Tulipokuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, rafiki yangu wa hosteli alipata barua pepe kutoka kwa msimamizi wake wa utafiti. Ilikuja ndani ya mazungumzo yao ya zamani kuhusu dodoso: jina la msimamizi juu, jumbe zao za miezi iliyopita chini. Kilichoongezeka ni mstari mmoja tu, kwamba atazame marekebisho na nywila ya faili ni hii hapa. Akafungua faili la zip, akaandika nywila, akakuta ndani kitu chenye alama ya Word, akabofya mara mbili. Kimya. Akadhani faili limeharibika njiani, akaifuta ile barua, akaendelea na kazi zake.

Baada ya wiki hivi simu zikaanza. Walimu aliowahoji kwa ajili ya utafiti wake wakawa wanauliza, "Dada, hili faili ulilotutumia mbona linataka nywila?" Yeye hakuwa ametuma kitu. Akaunti yake ilikuwa inawaandikia watu waliompa majina, namba na habari za kazini kwao kwa sababu aliwaahidi usiri.

Alikosea mara mbili. Kosa la kwanza, kulifungua lile faili, hata mimi ningelifanya. La pili ndilo lililomgharimu: alidhani kufuta barua ni kufuta kirusi.

Tuanze na kiambatisho chenyewe. Barua pepe ilitengenezwa ibebe herufi, si picha wala programu. Ukiambatisha faili, kompyuta hulibadilisha kuwa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, na upande wa pili mlolongo huo hurudishwa kuwa faili. (Ndiyo maana faili la MB 3 likiwa njiani linakaribia MB 4: kila baiti tatu hubebwa na herufi nne.) Kikiwa kimelala kwenye kikasha chako, kiambatisho ni maandishi tu, na kwa kawaida kusoma ujumbe peke yake hakuambukizi. Kirusi ni programu, na programu haifanyi kitu mpaka kompyuta iambiwe iitekeleze. Mara nyingi anayeiambia ni wewe, kwa kidole chako. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtumaji ni kukufanya usijue kwamba unachokifungua ni programu.

Mfano maarufu ni wa Mei 2000. Barua pepe yenye kichwa cha habari ILOVEYOU ilianzia Manila, Ufilipino, ikazunguka dunia kwa muda mfupi kiasi kwamba hata Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe. Kiambatisho kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Hebu lisome tena jina hilo. Windows ilikuwa inaficha mkia wa jina la faili, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, na usipoibadilisha inaficha mpaka leo. Watu wakaona .TXT, wakajua ni maandishi. Kumbe mkia halisi ulikuwa .vbs, yaani orodha ya amri za kutekelezwa. Ukikifungua, kilijituma kwa kila anwani iliyo kwenye Outlook yako, kisha kikaandika nakala zake juu ya picha zako.

Aliyekuja kukiri, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi. Pendekezo lake la utafiti, kuhusu programu ya kuiba nywila za intaneti, lilikuwa limekataliwa chuoni. Alisema alitaka watu wasio na pesa wapate intaneti bila kulipa. Mashtaka dhidi yake yalifutwa, maana wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria iliyogusa kosa hilo. (Sisi ambao mapendekezo yetu yanarudishwa kila mwezi tunastahili pongezi kidogo kwa uvumilivu.)

Basi kabla hujaendelea kusoma, kama unatumia Windows 11, fungua dirisha la mafaili, nenda View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Kuanzia hapo utaona mikia yote. Ukiona .exe, .scr, .js, .vbs, .bat, .lnk au .iso imeambatishwa kwenye barua inayodai kuwa ankara, barua ya wito wa kazi au marekebisho ya sura ya pili, hakuna haja ya kujadili sana. Kwenye simu ya Android mkia wa kuogopa ni .apk. Mkia wa .html nao una ujanja wake: mara nyingi hauleti kirusi, unafungua ukurasa unaofanana na wa kuingilia kwenye barua pepe yako, unakuomba nywila, na ukiiandika imekwenda. Na usiitegemee ile picha ndogo ya Word au PDF mbele ya jina. Ni picha tu, programu yoyote inaweza kuivaa.

Hati halisi za Word na Excel nazo zinaweza kubeba amri ndani yake, zinaitwa makro. Kirusi cha Melissa kilipita njia hiyo mwaka 1999. Kwa miaka mingi mtego ulikuwa ule ukanda wa njano juu ya hati wenye kitufe cha Enable Content, na ndani ya hati maneno kwamba "hati hii imelindwa, bonyeza hapo juu uisome". Ni uongo. Hati haihitaji makro ili isomeke. Mwaka 2022 Microsoft waliamua kuzuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti, kwa kutumia alama ya siri ambayo Windows huweka kwenye faili lililopakuliwa.

Wahalifu nao wakahama. Wakaongeza kutumia zip na iso, kwa sababu baadhi ya programu za kuyafungulia hazikuwa zikiihamishia alama hiyo kwenye mafaili ya ndani. Zip yenye nywila ina faida nyingine kwao: kikagua virusi cha mtoa huduma wa barua pepe hakiwezi kuona ndani. Hapa ndipo rafiki yangu angeweza kushtuka. Nywila inayokuja kwenye ujumbe uleule wenye faili haimzuii mwizi yeyote, maana aliyeupata ujumbe amepata vyote viwili. Inayemzuia ni mkaguzi peke yake.

Na yale mazungumzo ya zamani? Kundi la Emotet ndilo lililoifanya mbinu hiyo ijulikane sana. Kirusi chao kilikuwa kinaiba barua pepe za mtu aliyeambukizwa, kisha kinajibu ndani ya mazungumzo yake halisi. Polisi wa nchi kadhaa chini ya Europol walizima mitambo yao Januari 2021, lakini Novemba mwaka huohuo kirusi kikarudi. Kwa hiyo "namjua aliyetuma" si ushahidi tena. Mpigie mtu huyo au mtumie ujumbe wa WhatsApp. Usimjibu kwenye barua ileile, maana anayekujibu anaweza kuwa mwizi.

Sasa tuseme umeshabofya. Kwanza kata intaneti: zima Wi-Fi, chomoa kebo, zima hotspot ya simu. Usichomeke flashi wala diski ya nje yenye nakala ya tasnifu yako. Na usiingie kwenye akaunti yoyote kwa kompyuta hiyo, hata kubadilisha nywila, kwa sababu huenda kuna kitu kinasoma unachoandika.

Kubadilisha nywila kufanyike kwenye kifaa kingine kilicho salama, ukianza na barua pepe, kwa kuwa kwa kupitia hiyo akaunti nyingine zote zinaweza kufunguliwa upya. Chagua pia kuondoka kwenye vifaa vyote. Virusi vingi vya siku hizi huiba ile tiketi ambayo kivinjari hutunza ili usiulizwe nywila kila mara, na mwenye tiketi haulizwi nywila mpya. Halafu kagua mipangilio ya barua pepe uone kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua zako kwenye anwani usiyoijua.

Ndipo urudi kwenye kompyuta. Ndani ya Windows Security kuna ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline. Kompyuta hujizima na kuwaka tena, kisha hukaguliwa kabla Windows haijaamka. Hilo ni muhimu, kwa sababu kirusi kinachofanya kazi kinaweza kujificha; ni sawa na kumuuliza mwizi kama kuna mwizi ndani. Wengi wetu, tusidanganyane, tulizima Defender siku tulipoweka Office ya bure kutoka kwa fundi. Iwashe.

Kuna watu wanaopeleka faili la mashaka VirusTotal, ambako hukaguliwa na antivirusi nyingi kwa mpigo. Ni huduma nzuri, ila faili unalopakia linaweza kuonwa na wateja wao, kwa hiyo usipeleke kule hati yenye majina ya wagonjwa au wahojiwa wako.

Ukaguzi ukikuta kirusi na kukifuta, bado hujui kilileta wenzake wangapi. Mimi binafsi nisingetunzia data za watu kwenye kompyuta hiyo tena bila kufuta diski na kuweka Windows upya, hata kama inakula Jumamosi nzima. Rafiki yangu alifanya hivyo. Tasnifu yake ilinusurika kwa sababu nakala ilikuwa kwenye flashi iliyokuwa kabatini. Halafu akaandika barua kwa kamati ya maadili ya utafiti, akakaa siku mbili na kitabu chake cha majina, akiwapigia walimu mmoja baada ya mwingine kuwauliza kama wamelifungua.