Farasi Mzee Anapovunjika Mguu

Farasi anapovunjika mguu, watu kwa kawaida huuliza kama mfupa utaunga, ilhali uamuzi wa kumtibu au kumuua kwa huruma hutegemea zaidi miguu mitatu iliyobaki mizima. Mnyama huyu, mwenye uzito wa kilo 500 hivi, hawezi kulazwa kwa siku nyingi bila misuli yake kubanwa na mapafu yake kulemewa na mwili wake mwenyewe, hivyo hana budi kusimama, na mguu anaouinua kwa maumivu huwaachia wenzake mzigo wake. Ukwato uliolemewa hivyo kwa majuma kadhaa hupungukiwa na damu, na tishu laini zinazoshikamanisha mfupa wa ndani na ganda la ukwato huharibika na kuachia. Huo ndio ugonjwa uitwao laminaitisi, ambao maumivu yake ni makali mno.

Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani, alishinda Kentucky Derby mwezi Mei 2006, na wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness mjini Baltimore. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu 27, wakamzindua ndani ya bwawa la maji ili asijiumize akihangaika kusimama, na mfupa ukaunga kwa kiasi kikubwa; lakini kufikia Julai laminaitisi ilikuwa imeushika mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao haukuvunjika, kisha ikaingia miguu ya mbele, na tarehe 29 Januari 2007 akauawa ili asiteseke zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 3 tu, na alipata matibabu ambayo wamiliki wengi hawawezi kuyagharimia.

Kwa farasi aliyepita miaka 20, umri peke yake si hukumu, kwani wapo wengi wanaofika 25 au 30 wakiwa na afya, na kidonda kisichogusa kiungo chaweza kupona vizuri. Linalopaswa kupimwa ni kile ambacho uzee umekwisha kukiondoa: meno ya kutafunia, wepesi wa viungo, na hasa uzima wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ikiugua humwachia farasi manyoya marefu yasiyopukutika hata wakati wa joto na kumweka karibu na laminaitisi kabla hata hajaumia.

Kwa kuwa farasi huficha maumivu, daktari wa mifugo huhesabu mapigo ya moyo, ambayo kwa farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, na hutazama masikio yaliyolala nyuma, pua zilizokaza, na nyasi za asubuhi ambazo jioni hazijaguswa. Mapigo yakibaki juu ya 60 hata baada ya dawa za maumivu, na mguu haukanyagiki, kumwongezea juma jingine ili mmiliki wake apate kuzoea wazo la kumpoteza ni kumtwisha mnyama uchungu usio wake.

Uamuzi ukishafikiwa, farasi hutulizwa kwanza kwa sindano, kisha aghalabu hudungwa pentobabitali nyingi katika mshipa wa shingo, akapoteza fahamu kabla moyo haujasimama. Dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga na huua mbwa na tumbusi wanaoula, kwa hiyo mahali pa kuuzika au kuuchoma hupangwa kabla sindano haijachomwa.