Daktari wa wavuvi aliyepelekwa Washington

Mamangu ana presha. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukimpeleka kliniki, na kila akienda hukutana na daktari mwengine anayeanza upya kumuuliza jina na umri. Dawa zikaongezwa, presha haishuki. Siku moja dadangu akamkuta jikoni na kisu, anakata tembe nusu kwa nusu ili zifike mwisho wa mwezi asitusumbue na pesa. Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakusema.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za madaktari wa familia, na ndipo nikamjua Dkt. Regina Benjamin wa Marekani.

Wengi wetu tukisikia "daktari wa familia" twadhani ni wa matajiri, yule wa kupigiwa simu aje nyumbani. Sivyo. Ni daktari aliyeongeza masomo ili amtibu bibi, mama na mtoto wa nyumba moja, miaka nenda miaka rudi, akijua wanakula nini na nani analeta pesa. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka 2005, na bado ni wachache mno.

Benjamin alizaliwa 1956 Mobile, jimbo la Alabama, kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico. Serikali ilimsaidia na gharama za masomo kwa sharti kwamba akihitimu atatumikia mahali palipokosa madaktari. Akapangiwa Bayou La Batre, mji mdogo wa watu kama 2,500 wanaoishi kwa kamba, kaa na chaza. Wakazi wengi ni masikini, na wengi pia ni wahamiaji kutoka Vietnam, Laos na Kambodia. Muda wake ulipokwisha hakuondoka. Mwaka 1990 alifungua kliniki yake papo hapo.

Mgonjwa wa pale huwa hana bima. Mvuvi ana pesa msimu ukiwa mzuri tu. Hilo wasomaji wa Lamu na Vanga hawahitaji kuelezwa. Wengine walimlipa kwa samaki. Ili kliniki isifungwe, Benjamin akawa anafanya zamu katika vyumba vya dharura vya hospitali nyingine, huku akisoma shahada ya biashara Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, aliyoipata 1991. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuisajili kliniki katika mpango wa serikali wa kulipia zahanati za mashambani. Mimi hapa ndipo ninapomvulia kofia zaidi. Huruma tunayo wengi, lakini kuhesabu tunakukimbia.

Mwaka 1998 kimbunga Georges kikaiharibu kliniki. Akazunguka kwa gari lake la pikapu akiwatibu watu majumbani hadi ikajengwa tena. Mwaka 2005 kikaja Katrina, maji yakaingia, na watu wengi wa mji wakakosa makao. Akaiweka nyumba yake rehani, akajenga upya. Mwanzoni mwa 2006, ikiwa iko karibu kufunguliwa, ikateketea kwa moto. Akajenga mara ya tatu. Na wakati wote huo, mgonjwa asiye na pesa ya dawa alikuwa akimwambia mwenye duka la dawa amtumie yeye bili. Niliposoma hayo nikakumbuka kile kisu cha mama.

Mwaka 2009 Rais Barack Obama akamteua kuwa Daktari Mkuu wa Marekani. Cheo hiki si uwaziri. Hakiendeshi hospitali, na bajeti yake si kubwa. Anayekishika huongoza kikosi cha maafisa wa afya wa serikali wanaovaa sare, na kazi yake kubwa ni kuliambia taifa ukweli kuhusu afya. Siku ya uteuzi Benjamin alieleza kwamba babake alikuwa na kisukari na presha, kakake alikufa kwa maradhi yatokanayo na HIV, na mamake kwa saratani ya mapafu, kwa kuwa alianza sigara akiwa msichana. Yaani jamaa zake waliondoka kwa maradhi yanayoweza kukingwa.

Hilo ndilo alilolishikilia ofisini. Aliongoza baraza lililokutanisha idara 17 za serikali, zikiwemo za kilimo, uchukuzi na elimu, na mwaka 2011 likatoa mkakati wa taifa wa kukinga maradhi. Uchukuzi una nini na afya? Barabara isiyo na njia ya miguu haimpi mtu nafasi ya kutembea, na asiyetembea sukari humjia mapema. Alitoa ripoti juu ya tumbaku, akawatetea mama wanaonyonyesha. Hata kwenye maonyesho ya wasusi na watengeneza nywele Atlanta alikwenda, kwa sababu alijua wanawake wengi huacha mazoezi wakihofia jasho litaharibu nywele. Ofisini hulijui jambo kama hilo mpaka uwe umekaa na wagonjwa.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikaa miaka minne, akajiuzulu 2013, na mkakati usio na pesa hubaki karatasi. Kisha akarudi kuendelea na kliniki yake.

Na sisi, tangu Katiba ya 2010 afya iko mikononi mwa kaunti, karibu kabisa na milango yetu. Majina ya kuongoza idara hizo yanapoletwa, twauliza anatoka ukoo gani na chama gani. Mimi ningependa tuulize pia: amewahi kukaa zahanati gani, na kwa miaka mingapi?

Mama sasa anakwenda kwa daktari mmoja tu, kijana wa hapa hapa mtaani. Kabla ya kumfunga mkono kupima presha, humwambia kwanza atoe tembe zilizobaki, wazihesabu pamoja mezani.