Samaki Mmoja Akioza?

Alfajiri ya 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi kama sisi. Siku chache baadaye, Naibu Rais William Ruto aliipa UNHCR miezi 3 kuihamisha kambi ya Dadaab, ambako Wasomali wengi wamekimbilia tangu 1991. Hasira ile naielewa. Nani angelala hosteli kwa amani baada ya yale?

Ila tujiulize, nani alishika bunduki? Mmoja wao alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbona hakuna aliyetaka chuo hicho kifungwe? Kwa sababu wote tunajua kosa lilikuwa lake, si la darasa lake. Mkimbizi naye anastahili hesabu hiyohiyo.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza tena kuifunga Dadaab. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliibatilisha amri hiyo: ni ya kibaguzi na inakiuka Katiba. Hiyo haina maana gaidi aachwe. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haumlindi aliyetenda uhalifu mzito. Chunguza, kamata, shtaki, lakini mtu mmojammoja.

Wapo wanaosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sisi tunaosomea ualimu tunajua: mmoja akivunja dirisha, hufukuzi darasa zima.