SOMO LA REDIO: RAMANI YA MIRABA, AU WATU WANAKAA WAPI?

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu yake, na mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi. Leo tutajifunza hesabu na ramani kwa pamoja.

Twende Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wa wilaya hiyo walihesabiwa 457,114. Eneo la wilaya ni kama kilomita za mraba 5,600. Ukigawanya watu kwa eneo, utapata watu 81 hivi kwa kila kilomita ya mraba.

Hesabu hiyo ni sawa, lakini watu hawakai hivyo. Sehemu moja ya wilaya imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Humo wanakaa nyati na twiga. Lakini mjini Biharamulo, na pale Nyakanazi barabara kuu zinapokutana, nyumba zimebanana. Basi wastani umewachukua watu wa mjini ukawalaza porini pamoja na nyati!

Je, hasara yake ni nini? Hasara ni kubwa. Mganga anataka kujua apeleke chanjo za watoto wangapi, na azipeleke wapi. Mchimba kisima anataka kujua ni akina mama wangapi watateka maji hapo. Wakifuata wastani tu, dawa zitazidi mahali pasipo na watoto, na watoto wa mahali pengine watakosa.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutengeneza ramani ya miraba. Wako wa nchi nyingi. Kwa mfano, wale wa WorldPop katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Ramani hukatwa vipande vidogo kama karatasi ya hesabu. Kila mraba una mita 100 kwa mita 100, yaani ekari mbili na nusu hivi, mkubwa kidogo kuliko uwanja wa mpira. Katika kilomita moja ya mraba imo miraba 100. Kila mraba huandikiwa idadi ya watu wanaokisiwa kukaa humo.

Idadi hiyo hupatikanaje? Sensa hutangaza idadi ya mkoa, wilaya na kata. Habari za nyumba ya mtu ni siri. Basi wataalamu huchukua idadi iliyotangazwa, kisha hutazama picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Huangalia nyumba, barabara, mashamba, misitu na maji, na kompyuta huwagawa watu katika miraba kwa kufuata dalili hizo.

Natufanye mfano. (Hapa mwalimu achore miraba ubaoni.) Tuseme kijiji kina watu 600, na picha inaonyesha nyumba 100. Gawanya 600 kwa 100: kila nyumba watu 6. Mraba wenye nyumba 7 utaandikwa watu 42. Mraba wenye nyumba 1 utaandikwa 6. Mraba wa msitu mtupu utaandikwa 0. Ukijumlisha miraba yote, lazima urudi kwenye 600.

Lakini angalieni: hayo ni makisio. Ghala likionekana kutoka juu laweza kudhaniwa nyumba ya kulala. Nyumba iliyofichwa na migomba yaweza isionekane kabisa. Tena sensa ikikosea, miraba yote itakosea pamoja nayo.

Na ramani huzeeka. Sasa twende Ngara, jirani ya Biharamulo, mpakani na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walikuwa wengi kuliko watu wote wa Wilaya ya Ngara waliohesabiwa katika sensa ya 1988. Mahali palipoitwa Benaco pakageuka kambi kubwa, na watu wale walihitaji maji, chakula na vyoo siku ile ile. Ramani ya 1988 ingesema nini juu yao? Isingesema neno. Mwezi wa Desemba 1996 wengi wao walirudi kwao, na hapo ramani ya kambi nayo ikawa ya uongo. Kwa hiyo ukipewa ramani ya watu, uliza kwanza: Ni ya mwaka gani?

Basi ramani ya miraba ni msaada mkubwa, lakini msingi wake ni nyinyi. Karani wa sensa akija, mtajieni kila mtu aliyelala nyumbani usiku wa sensa, hata mtoto mchanga, hata mgeni. Mtoto asiyetajwa hana chanjo katika hesabu ya mganga.

Kazi ya nyumbani:

1. Chora ramani ya kitongoji chako. Ikate miraba, uandike nyumba ngapi zimo katika kila mraba.
2. Mraba upi una watu wengi? Kisima kiko karibu nao, au kiko mbali?
3. Andika tarehe chini ya ramani yako. Kwa nini tarehe inafaa?

Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.