UZI: Leseni ya kibanda si kibali cha kukaa nchini

1/ Siasa ikianza kupata moto, Gikomba hupata wageni wawili. Wa kwanza anapanda juu ya gari: "Tutafukuza hawa wageni wanaouza rejareja!" Wa pili yuko kwa TV jioni: "Tusitishe wawekezaji." Wote wanapigiwa makofi. Mimi nauza viatu vya mitumba hapa sokoni, na kwa miaka yote hiyo sijasikia hata mmoja akisema anaongelea karatasi gani. Wacha nijaribu.

2/ Karatasi ni tatu, na watu huzichanganya. Moja, usajili wa kampuni. Mbili, leseni ya biashara. Tatu, kibali cha kazi. Mgeni anaweza kusajili kampuni Kenya, lakini cheti cha kampuni hakimpi ruhusa ya kuishi wala kufanya kazi hapa.

3/ Leseni ya biashara na masoko ni kazi ya kaunti. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Hiyo iko kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kwa hivyo mtu wa kaunti akikuahidi kwamba atarudisha mgeni kwao, anakuahidi kitu hana mkononi. Na wa serikali kuu akisema atapanga nani apate kibanda, hapo pia uliza vizuri.

4/ Sasa kibali chenyewe. Sheria ni ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Daraja D ni la mtu aliyeajiriwa: mwajiri anafaa aonyeshe kwamba ujuzi huo haupatikani kwa Wakenya. Daraja G ni la mwenye biashara yake: anafaa athibitishe mtaji wa angalau dola 100,000 za Marekani. Hiyo ni milioni kumi na kitu za shilingi. Hapa kwetu ni wangapi wana hiyo?

5/ Kibali hufungwa na kazi iliyoandikwa. Aliyeletwa kujenga barabara haruhusiwi jioni kuuza mabeseni. Aliyekuja kutembea haruhusiwi kusimama nyuma ya meza ya biashara.

6/ Ndiyo maana Juni 2019, Wachina saba walipokamatwa kwa kufanya biashara Gikomba na Kamukunji, walirudishwa kwao kwa sheria ya uhamiaji iliyokuwepo tayari. Hakuna sheria mpya iliyohitajika. Swali halikuwa "tutunge nini?" Swali lilikuwa "mbona ilichukua kelele za wafanyabiashara ndiyo mtu aje kuangalia?"

7/ Lakini kuna kesi ngumu. Mwaka wa 2023 China Square ilifungua duka kubwa kando ya Thika Road, bei chini kabisa. Februari wafanyabiashara wa mjini wakaandamana. Hapo wimbo wa "hawana karatasi" hautoshi. Mtu mwenye mtaji mkubwa na kibali sawa, utamwambia nini?

8/ Sheria inasema biashara ya mgeni wa Daraja G iwe na manufaa kwa Kenya. Manufaa gani? Bei rahisi kwa mama anayenunua sufuria ni manufaa. Ajira ni manufaa. Lakini muuzaji wa Kamukunji akifunga, hiyo ni hasara, na pia ni ya Kenya. Mjadala wote uko ndani ya hayo maneno mawili matatu, na hakuna anayeyagusa jukwaani.

9/ "Basi tupige marufuku wageni kwa rejareja!" Tulishajaribu. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwawekea wasio raia mipaka ya mahali pa kufanyia biashara na bidhaa za kuuza. Waliolengwa hasa ni Wahindi ambao hawakuwa wamechukua uraia, na 1968 maelfu walikimbilia Uingereza. Sheria yenyewe ilishafutwa. Funzo moja nimebaki nalo: ukianza kumtambua mgeni kwa sura badala ya karatasi, utamfukuza Mkenya mwenzako.

10/ Na mkuki una ncha mbili. Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo saluni, kutuma pesa kwa simu na kutengeneza simu. Wakenya tulipiga kelele: "Na soko la pamoja la Afrika Mashariki je?" Kelele halali kabisa. Binamu yangu anatengeneza simu Arusha, nyumbani hatukulala. Lakini wiki hiyo hiyo hapa sokoni nilisikia watu wakiomba agizo kama hilo kwetu. Mganda anayeuza karibu nami alinyamaza tu.

11/ Sasa yangu. Mwaka fulani kodi ya nyumba ilinilemea, jamaa akaniletea ofa: toa kitambulisho na PIN, leseni itoke kwa jina lako, mgeni auze, wewe upate elfu kumi na tano kila mwezi. Nilikaa na hiyo ofa siku nne. Nikakataa. Jirani yangu akakubali. Mgeni alipoondoka, ushuru na deni la mzigo vilibaki na jina la jirani. Leo hana kibanda.

12/ Hiyo ndiyo biashara ambayo juu ya gari haitajwi. Mgeni asiye na dola 100,000 haingii Gikomba peke yake. Kuna Mkenya anayemkodisha jina, kuna mwingine anayefumbia macho. Ukimrudisha mmoja na mlango ukabaki wazi, mwingine ataingia.

13/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu, muulize matatu: Unaongelea leseni au kibali? Hiyo karatasi iko chini ya ofisi unayoomba? Na utamfanya nini Mkenya anayekodisha jina lake?

14/ Akijibu la tatu bila kukwepa, msikilize. Akirudi kwa "tutawafukuza", mpigie makofi ukitaka, lakini usimpe kitambulisho chako. Wala yeyote mwingine.